Tusome Vitabu kwa Jozi



Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwauliza waliomtangulia swali lile lile: "Hivi nisome nini?" Naye hujibiwa vile vile: "Soma vilivyomo kwenye orodha ya mhadhiri, bwana. Vingine utasoma ukistaafu." Jibu hilo limeokoa mitihani mingi, lakini nina wasiwasi kwamba limeua wasomaji wengi zaidi. Katika makala haya napendekeza orodha nyingine. Si ndefu. Ina vitabu kumi tu, nimevipanga viwili viwili, na chini ya kila jozi nimeweka swali ambalo halijibiki mpaka uwe umevisoma vyote viwili.

Kwa nini jozi?

Sote tunaijua miongozo. Mwongozo ni kile kijitabu chembamba kinachokuambia kwamba dhamira kuu ni ukombozi, dhamira ndogo ndogo ni rushwa, mapenzi na nafasi ya mwanamke, na kwamba lugha ni nyepesi yenye tamathali za semi. Hebu yatoe maneno hayo kwenye kitabu kimoja uyapachike kwenye kingine. Yatakaa vizuri tu, kama shuka la bweni linalotosha kila kitanda. Simlaumu anayeuza wala anayenunua. Darasa la watu wengi likiwa na nakala moja ya riwaya, mwanafunzi afanyeje? Lakini sisi tunaosomea fasihi chuo kikuu, wengi wetu tutaondoka hapa tukaifundishe, na tutakachokibeba ndicho tutakachokitua mbele ya watoto wa watu.

Sasa, mwongozo huandikwa kwa kitabu kimoja. Ukiviweka viwili mezani na kuuliza vinabishana nini, hakuna kijitabu kitakachokusaidia. Itakubidi uvisome. Hila yangu yote ni hiyo, sina nyingine.

Nchi mbili zisizokuwepo

Jozi ya kwanza ni Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Wengi tumemsoma Shaaban kwa adabu ya matangani: sauti chini, uso umekunjwa. Matokeo yake hatuoni kwamba mzee anachekesha. Nchi yake iko hewani, ina waziri aitwaye Majivuno, na kosa la mshitakiwa Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na mambo ya manufaa, kisha wakafungwa. Yaani serikali inamtuma mtu yenyewe, halafu inamtia ndani kwa kuleta kile alichotumwa! Asiyecheka hapo hajawahi kupeleka ripoti ofisini. Tena tukumbuke kwamba mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Mwandishi alikuwa na sababu nzuri ya kuipeleka nchi yake hewani.

Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika miaka ya 1980 alionja kizuizini. Yeye anamchukua Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, na kumrusha mpaka nchi ya Walenisi. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi. Swali la jozi hii ni hili. Karama anashinda ndani ya mahakama ile ile iliyomshitaki, kwa sababu Shaaban anaamini kwamba mtawala akielezwa kwa hoja na subira ataelewa. Mkangi haamini. Kwake ni lazima uiache nchi kabisa, ukaione nyingine, ndipo ujue kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Nani ana haki? Kwa swali, mimi niko na Mkangi. Kwa usimulizi, namrudia Shaaban, maana wenyeji wa Walenisi wanaeleza ubora wa mfumo wao mpaka msomaji anatamani wakosee kidogo ili apumue.

Kiko na bastola

Hapa baadhi ya walimu wetu watakunja uso. Jozi ya pili ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974). Ya kwanza ilipata zawadi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960, ikatuletea Bwana Msa na kiko chake pamoja na rafiki yake Najum. Ya pili ni ya Willy Gamba, mpelelezi wa Kitanzania ambaye hana muda wa kiko.

Tumezoea kuziita hizi fasihi pendwa, na neno "pendwa" tunalitamka kama jina la ugonjwa. Ajabu ni kwamba kitabu kikipendwa na watu tunakitilia shaka, na kisiposomwa na mtu tunakiandikia tasnifu. Mimi sisemi kwamba zote zina uzito mmoja. Nasema zina mambo ya kutueleza iwapo tutaziuliza. Tazama uhalifu unatoka wapi. Kwa Bwana Msa jibu mara nyingi limo ndani ya ukoo: nani ni mtoto wa nani, nani alimficha nani, mali ilipitia mkono gani. Ni Unguja ya wenye mashamba na siri za majumba, kabla ya Mapinduzi ya 1964. Kwa Willy Gamba adui anatoka nje ya mipaka, na vita ni vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Si bure, kwani Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Katika miaka kumi na minne, kati ya kitabu na kitabu, hofu ya msomaji imetoka sebuleni ikahamia mpakani. Hiyo si historia ya jamii? Na ukiipata huku umelala chali kitandani, ubaya uko wapi?

Kezilahabi na Kezilahabi

Jozi ya tatu ni ya mtu mmoja: Rosa Mistika (1971) na Nagona (1990). Ushauri wa bure: usianze na Nagona, na hasa usianze nayo usiku wa kuamkia mtihani. Ni kijitabu ambacho hakifiki kurasa mia, lakini ukikifunga utadhani umetembea wiki nzima bila maji.

Rosa Mistika kila mtu anadai kuijua. Ni ile iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha miaka ikapita ikarudi kama kitabu cha kutahiniwa. (Nadhani marufuku ile iliiuza kuliko tangazo lolote.) Inamfuata binti wa Ukerewe, mwenye baba mlevi na mkali, aitwaye Zakaria, mpaka anapoharibikiwa. Tunapoijadili semina nzima hugawanyika: mwenye kosa ni Zakaria, ni shule, ni wanaume wenye vyeo, ni Rosa mwenyewe. Kezilahabi hatoi hukumu, na hilo ndilo linalotuudhi.

Kisha tunafika Nagona, na hapo Ukerewe imetoweka. Hakuna kijiji tunachokijua, hakuna mpango wa matukio wa kushika mkononi, na wanafalsafa wa Ulaya wanapitapita humo kama wageni waliopotea njia. Baadhi ya wenzetu husema mwandishi aliharibiwa na shahada ya uzamivu aliyoipata Wisconsin mwaka 1985. Mimi naona vingine. Swali ni lile lile la Rosa, "nani alaumiwe, na ukweli uko wapi?", ila safari hii ameondoa watu wote ambao tungeweza kuwatupia lawama. Soma Rosa kwanza, upandwe na hasira. Halafu ingia Nagona na hasira hiyo hiyo, uone kama utampata wa kumpiga.

Watoto waliotolewa

Hii ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Peponi ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatufikia. Waandishi wote wawili ni Wazanzibari. Mmoja amekaa na Kiswahili, mwingine alikwenda Uingereza akaandika kwa lugha ya huko.

Katika Vuta N'kuvute, Yasmin, binti wa Kihindi, anaozeshwa Bwana Raza, mtu mzima mwenye duka. Katika Peponi, Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Neno lake ni rehani, na Gurnah alilitumia hata ndani ya Kiingereza chake. Wote wawili ni watoto waliolipiwa hesabu za wakubwa. Lakini Yasmin anatoroka, anakwenda Ng'ambo kwa Mwajuma, anacheka, anapenda, anaingia katika mambo ya Denge na siasa za kupinga ukoloni. Yusuf anatazama tu. Anapelekwa huku na huku, na uzuri wake unamletea balaa. Kwa nini mmoja anaweza kuvunja mlango na mwingine hata akiukuta wazi anasita? Ni tofauti ya tabia? Ya zama, mmoja akiishi Wajerumani wanapoingia, mwingine Waingereza wanapokaribia kuondoka? Au ni kwamba Yasmin alimpata Mwajuma? Mimi nashika hili la mwisho. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) ni nzuri, itazameni. Ila jamani, isiwe mwongozo mpya.

Mama na nguzo

Jozi ya mwisho ndiyo yenye ugomvi: Utendi wa Mwana Kupona (1858) na Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982). Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake namna ya kuishi na watu na kumtumikia mume. Semina hupasuka hapo. Wapo wanaosema huo ni utumwa uliotiwa vina. Wapo wanaosema ni kejeli, mama anamfundisha binti kumtawala mume huku yeye akijiona mfalme. Kabla hujachagua upande, tazama nani anasema. Ni mwanamke mwenye elimu yake, na anayemuusia ni binti, na katika wosia wote mume hapati nafasi ya kujibu.

Miaka 124 baadaye wanawake wa kijiji cha Patata, kwa Penina Muhando, wanahangaika kuisimamisha nguzo, na haisimami kwa sababu wenyewe hawashikani. Mwana Kupona alikuwa na binti mmoja na maneno. Wanawake wa Patata ni kijiji kizima na mikutano. Nani aliyefika mbali zaidi? Sina jibu, na nitashukuru kusikia la wengine.

Basi, wenzangu, chukueni jozi moja likizo hii, si zote tano. Kama nakala ni chache, gawaneni: wewe Rosa, mwenzako Nagona, kisha mbadilishane na mgombane. Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja kwa heshima zote: mtihani ujao tupeni swali moja tu la vitabu viwili ambavyo havijawahi kuwekwa pamoja. Tutalalamika, hilo msiwe na shaka. Lakini tutakuwa tumesoma. Na anayeona jozi zangu hazilingani ashike kalamu, atuletee zake.