Leipzig: Mji wa Ujerumani wenye kumbukumbu za Upare

Katika sharika za Kilutheri wilayani Same, kuanzia mjini hadi Mbaga na Gonja milimani, jina la Leipzig si geni. Uhusiano wa mji huo na Wapare umepita karne moja, na ndani yake mna imani, ukoloni na swali la nani anayeandika historia ya nani.

Leipzig iko katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Ilitajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi mwaka 1015. Ilikua kwa sababu njia kuu za wafanyabiashara zilikutana hapo. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1409, na baadaye mji ukawa kitovu cha uchapishaji wa vitabu. Mwanamuziki Johann Sebastian Bach alifanya kazi huko kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750.

Misioni ya Leipzig, iliyoanzishwa Dresden mwaka 1836, ilihamia mjini humo mwaka 1848. Wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakati Ujerumani ikiitawala Tanganyika, kisha wakaingia Upare. Walifungua vituo Shigatini, Pare Kaskazini, na Mbaga na Gonja, Pare Kusini.

Mmoja wao, Jakob Dannholz wa Mbaga, aliandika kwa Kijerumani kitabu kuhusu imani ya Wapare juu ya mizimu. Kilichapishwa Leipzig mwaka 1916. Hapo ndipo penye ugumu: aliyehifadhi habari za matambiko ndiye aliyekuja kuwataka watu wayaache. Kitabu chake ni hazina, lakini msomaji hana budi kukumbuka kwamba kinasimulia kwa jicho la mgeni.

Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa mwaka 1920. Makanisa hayakufungwa, kwani walimu na wazee Waafrika waliendeleza kazi.

Leipzig nayo ilipitia misukosuko. Mabomu ya Desemba 1943 yaliharibu sehemu kubwa ya mji, kisha ukaangukia Ujerumani Mashariki ya kikomunisti. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya maombi ya amani ya Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai na makanisa mengine, watu wapatao 70,000 waliandamana bila vurugu. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulianguka.

Leo misioni hiyo ni mshirika wa KKKT, ikiwemo Dayosisi ya Pare yenye makao makuu Same. Lakini si historia yote ya Upare iliyovuka bahari. Misitu ya matambiko ya koo, iitwayo mpungi, bado ipo milimani, na wazee wanaoijua wanazidi kupungua. Yaliyoandikwa Leipzig yamehifadhiwa. Wanayoyajua wazee hao yanangoja mtu wa kuyaandika, safari hii kwa Kipare na Kiswahili.