Kabla hujawasha taa za jukwaa, soma hapa

Umepata kibarua cha kufunga taa za ukumbi wa michezo ya kuigiza? Hongera, lakini tulia kwanza. Mimi niliacha chuo, nikajifunza kazi hii kwa hasara: nilichomeka taa ya LED kwenye dima ya taa za kizamani, ikaungua kabla ya onyesho. Doo yangu ya wiki nzima ikaenda hivyo.

Basi shika haya. Umeme wa taa hizi utoke kwa soketi ya kawaida, si dima. Jumlisha wati zote kwanza. Soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba takriban wati 3,100, na usiifikishe huko.

Waya wa DMX ni kitu kingine. Hutoka kwa meza ya kudhibiti hadi taa ya kwanza, kisha ya pili, mfululizo, zisizidi 32. Ya mwisho ivalishe kizibo cha omu 120, la sivyo zinaweza kupepesa ovyo. Kila taa ina anwani: ya kwanza ikitumia chaneli 1 hadi 8, inayofuata ianzie 9. Mwisho ni 512.

Na waya wa maikrofoni? Wachana nao, hata kama unaingia. Pazia likifunguka, hakuna wa kukusubiri.