Makampuni ya Dawa na Madaktari Wanaosikilizwa

Mwaka 1978 daktari Mwingereza, John Yudkin, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba Tanzania, nchi iliyokuwa na madaktari wachache mno kwa wingi wa watu wake, ilikuwa na wawakilishi 147 wa makampuni ya dawa, yaani mmoja kwa kila madaktari wanne, ilhali Uingereza mwakilishi mmoja aliwahudumia madaktari 30. Hesabu hiyo yabainisha kwamba kampuni humfuata mwenye kalamu ya kuandika cheti. Maana mgonjwa hachagui dawa, huchaguliwa, na aghalabu mlipaji ni yeye.

Na katika wenye kalamu, hutafutwa hususan wale ambao neno lao hufuatwa na wenzao. Hapa Dodoma, ambapo Chuo Kikuu kilianzishwa mwaka 2007 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikazinduliwa mwaka 2015, bingwa mmoja aweza kufundisha wanafunzi asubuhi, akapita wodini na madaktari vijana, kisha akaketi katika kamati ichaguayo dawa za kununuliwa. Na vijana wale, watakapopangiwa Kongwa, Mpwapwa au Kondoa, wataandika kama walivyomwona mwalimu wao akiandika. Ndiyo sababu mtu wa hadhi hiyo hualikwa kuhutubia semina, hulipiwa nauli na posho ya kongamano, na huombwa ushauri kwa ujira.

Sisemi kwamba uhusiano huo ni haramu. Dawa haijaribiwi bila ya madaktari, madhara yake hayajulikani kiwandani asipokuwapo wa kuyaeleza, na hospitali nyingi hazina fungu la kuwapeleka watu wao wakajifunze. Lakini fadhila huacha deni moyoni hata mwa mtu mwadilifu, naye hulilipa pasipo kujua, kwa kuandika jina la biashara lililo ghali ilhali dawa ile ile, kwa jina lake halisi, yapatikana kwa bei nafuu, kama Panadol ilivyo parasetamoli na Flagyl ilivyo metronidazoli. Tofauti ya bei huitoa mkulima wa Bahi, katika mtama aliouvuna kwa mvua haba.

Wataalamu walikutana Nairobi mwaka 1985 kuyajadili haya, na mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya maadili ya kutangaza dawa. Marekani ilizidi hapo mwaka 2010, ilipotunga sheria ya kuyalazimisha makampuni yaweke bayana malipo wanayopewa madaktari, kwa majina yao, ili kila mtu ayasome. Maadamu Bunge na makao makuu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yako papa hapa Dodoma, daftari la namna hiyo si jambo la kuombwa mbali.

Nawe msomaji, upewapo cheti, muulize daktari jina halisi la dawa, na kama ipo iliyosajiliwa ya bei nafuu zaidi. Na daktari aulizwaye hivyo asidhani amevunjiwa heshima.