Madeni ya biashara katika kompyuta: hifadhidata na seva ya nyumbani

Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, umetenganishwa na Bukavu kwa mto Ruzizi tu. Bidhaa huvuka mpaka kila siku, nyingine kwa mkopo, na malipo huja kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo au dola za Marekani. Daftari la madeni likilowa, au wateja wawili wenye jina moja wakichanganywa, fedha hupotea na kuaminiana huvunjika. Kompyuta moja nyumbani yaweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini kwa sharti moja: mpangilio wa kumbukumbu utangulie mashine.

Kila jambo na mahali pake

Wengi huanza na jedwali moja pana lenye jina, simu, bidhaa, bei na malipo. Mteja akinunua mara ishirini, namba yake ya simu huandikwa mara ishirini. Akibadilisha namba, mistari mitatu husahihishwa na mingine hubaki na makosa.

Dawa ya tatizo hilo ilipendekezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani. Katika hifadhidata ya mahusiano, taarifa hugawanywa katika majedwali kadhaa, na kila jambo huandikwa mahali pamoja. Majedwali huunganishwa kwa namba maalumu.

Mfanyabiashara aweza kuanza na majedwali matano. La wateja hubeba namba ya mteja, jina na simu. La bidhaa hubeba namba na jina la bidhaa pamoja na bei ya sasa. La mauzo hubeba namba ya mauzo, tarehe na namba ya mteja. La nne huonyesha bidhaa zilizomo katika kila mauzo, idadi yake na bei ya siku hiyo. La tano ni la malipo: namba ya mauzo, tarehe, kiasi, sarafu na kiwango cha kubadilishia fedha siku hiyo.

Bei ya siku ya mauzo huhifadhiwa kando na bei ya sasa kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Unga ukipanda bei leo, deni la mwezi uliopita halipaswi kupanda nao. Deni lenyewe haliandikwi popote. Kompyuta hulipata kwa kutoa malipo katika mauzo. Zaidi ya hayo, hifadhidata iliyowekewa masharti hukataa malipo yasiyo na mauzo, na hukataa kumfuta mteja ambaye bado ana mauzo.

Programu za bure zipo, zikiwemo MariaDB, PostgreSQL na SQLite. Rwanda yenyewe ina mfano mkubwa: mwaka 2006, mfumo wa OpenMRS ulianza kutumika Rwinkwavu, mashariki mwa nchi, kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Katika mfumo huo, mgonjwa mmoja aweza kuwa na namba kadhaa za utambulisho bila kugeuka kuwa watu wawili.

Seva ndani ya nyumba

Seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine. Kompyuta ya mkononi iliyotumika yatosha kwa duka dogo, na betri yake husaidia umeme unapokatika. Huwekewa Linux, hifadhidata, na programu ya kutoa kurasa kama Apache au Nginx. Ruta hupewa maelekezo ya kuitengea anwani isiyobadilika, na simu zilizounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani huweza kuifungua bila kutumia kifurushi cha intaneti.

Kuifikia seva ukiwa sokoni ni jambo jingine. Mara nyingi kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo nyumba haionekani kutoka nje. Njia salama ni huduma ya VPN, inayoziunganisha simu zilizoruhusiwa tu. Hifadhidata yenyewe isiachwe wazi kwa intaneti hata kidogo, kwani wapo wanaozunguka mtandaoni usiku na mchana wakijaribu manenosiri.

Sheria na nakala

Majina na simu za wateja ni data binafsi. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inataka zilindwe na zihifadhiwe nchini Rwanda, isipokuwa kwa idhini maalumu. Pia inawataka wanaokusanya data hizo kujisajili kwa mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao. Kwa sababu hiyo, namba ya kitambulisho cha taifa isiandikwe pale ambapo namba ya mteja yatosha.

Kila usiku nakala ichukuliwe, na nyingine iwekwe katika nyumba tofauti, ikiwa imefungwa kwa nenosiri. Mara moja kwa mwezi nakala hiyo ijaribiwe kurejeshwa, kwa maana nakala isiyofunguka haina faida.

Kabla ya kununua chochote, mfanyabiashara achore majedwali hayo matano kwenye karatasi, kisha ajaribu kuyajaza kwa ukurasa mmoja wa daftari lake la sasa. Likipatikana deni moja lisilo na mahali pa kuingia, mchoro urekebishwe kwanza. Kuufuta mstari kwa penseli ni rahisi kuliko kuyapanga upya madeni ya mwaka mzima.