Kabla Hujalipa Mtu Akuweke wa Kwanza Google

Fundi mmoja wa makochi kule Nakuru alitupigia simu akitaka tumrudishie KSh 12,000. Hakuwa amekosea nambari. Pesa alizituma mwenyewe, kwa hiari yake, kwa kijana aliyemwahidi kwamba tovuti yake itakuwa ya kwanza Google baada ya siku saba. Siku saba zikapita, wiki mbili zikapita, na simu ya kijana ikawa haipatikani.

Ilibidi tumwambie ukweli ambao hakuna mteja hupenda kuusikia. Malipo kama hayo si pesa iliyopotea njiani. Ni makubaliano kati yake na aliyelipwa, na sisi hatuwezi kuyavunja kwa kubonyeza kitufe. Tulimshauri apige ripoti polisi na tukaichukua ile nambari ili ichunguzwe. Hakufurahi, na hatumlaumu. Lakini kabla hajakata simu mmoja wetu akamwuliza, "Fundi, hiyo tovuti yenyewe inaitwaje?"

Tukaitafuta akiwa bado kwenye laini. Kuna njia rahisi ya kujua kama Google inaijua tovuti yako, na hata wewe unaweza kuijaribu sasa hivi kwa simu uliyoshika. Kwenye sehemu ya kutafutia, andika site: kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi katikati. Kurasa ambazo Google inazo zitajitokeza. Za Fundi hazikujitokeza. Hata moja.

Kumbe shida haikuwa nafasi ya kwanza wala ya mia. Tovuti haikuwa kwenye foleni kabisa.

Hebu tueleze kidogo jinsi mambo haya yanavyoenda. Google ina programu zinazopita mtandaoni mchana na usiku, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kinachopatikana huhifadhiwa kwenye orodha moja kubwa sana. Mtu akiandika swali, Google haiendi kuzunguka mtandao mzima wakati huo. Inafungua ile orodha na kupanga kurasa inazoona zinalijibu swali vizuri zaidi. Kazi ya kuisaidia tovuti yako iingie kwenye orodha hiyo na ieleweke ndiyo watu huiita SEO. Na hapa ndipo matapeli hupata mwanya: Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida. Inauza matangazo, na matangazo huwekewa alama wazi. Google yenyewe huwaonya wenye biashara kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Ukiahidiwa hivyo, weka simu mfukoni.

Turudi kwa Fundi. Tovuti yake ilitengenezwa na mpwa wake wakati wa likizo, kwa kutumia WordPress. Sasa, WordPress ina kisanduku kidogo kwenye mipangilio ya usomaji, ambacho kikiwekewa tiki huziomba injini za kutafuta zisiiorodheshe tovuti. Kinafaa wakati bado unajenga, ili wateja wasione nyumba isiyo na paa. Mpwa alimaliza kujenga, akarudi chuoni, tiki ikabaki. KSh 12,000 zilienda, na dawa ilikuwa kuondoa tiki moja. Bure.

Tiki ikiondolewa, usitarajie muujiza jioni hiyo hiyo. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki kadhaa, kabla ya Google kupita tena. Unaweza kuiita mapema kupitia Google Search Console, ambayo pia ni ya bure, na ambayo itakuonyesha hata maneno ambayo watu waliandika kabla ya kuikuta tovuti yako.

Maneno hayo ndiyo tuliyokaa nayo muda mrefu zaidi. Ukurasa wa kwanza wa Fundi ulikuwa na kichwa "Karibu Nyumbani". Maneno matamu, lakini nani anatafuta kochi kwa kuandika "karibu nyumbani"? Mteja huandika "fundi wa makochi Nakuru" au "bei ya sofa ya watu saba". Anaandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, mara nyingi amevichanganya vyote, kama anavyoongea. Tulimwambia Fundi afanye jambo moja tu: kwa siku tatu aandike kwenye daftari maswali ambayo wateja humwuliza dukani, neno kwa neno. Alirudi na kurasa mbili. Mbao ni gani? Unaleta mpaka Naivasha? Naweza kulipa polepole? Kitambaa kikichafuka kinafuliwa? Yaani kila swali pale lilikuwa aya ya kuandika kwenye tovuti, na hakuna mtaalamu aliyehitajika.

Jingine lilikuwa bei. Kama wafanyabiashara wengi wetu, Fundi aliweka bei zote ndani ya picha, bango moja la rangi nyekundu na njano lililotoka WhatsApp. Macho yako yanaisoma bei hiyo, lakini usitegemee Google itaisoma vilevile. Andika bei kwa maandishi ya kawaida. Na picha zenyewe zipunguze uzito. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na MB nne au tano, na mteja wa bando la shilingi ishirini hatangoja picha kumi za aina hiyo. Kumbuka pia Google siku hizi huipima tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. Ukimaliza kazi, ikague kwa simu ya bei rahisi kuliko zote pale nyumbani.

Kama huna tovuti, usikate tamaa. Wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani, saa za kazi na nambari ya simu, haulipiwi. Kwa kinyozi, duka la dawa au mama wa chakula, huenda ukamsaidia zaidi ya tovuti. Lakini uangalie mara kwa mara, kwa sababu mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko, ikiwemo nambari ya simu. Nambari ikibadilishwa usijue, mteja wako atampigia mtu mwingine, na huenda akamlipa. Na ule msimbo wa kuthibitisha wasifu, uuchukulie kama PIN yako. Anayepiga simu akisema ni wa Google na anauomba, kata.

Tahadhari hiyo inakuhusu hata kama huuzi chochote. Matapeli nao wanajua SEO. Huweka kurasa zenye nambari bandia za huduma kwa wateja, wakijua kwamba mtu aliyetuma pesa mahali pasipofaa hutafuta kwa haraka na kupiga nambari ya kwanza anayoiona. Nambari yetu ichukue kwenye programu yetu au kwenye tovuti yetu rasmi, na uihifadhi leo ukiwa umetulia.

Fundi tulizungumza naye tena miezi miwili baadaye. Si wa kwanza Google. Ukiandika "makochi Kenya" humwoni, na pengine hutamwona karibuni, kwa kuwa maduka makubwa yamejaa pale. Ukitaja mtaa wake, yuko. Wateja wachache wamempigia wakisema walimwona mtandaoni, na sasa ana shida mpya: wanaogopa kumtumia nusu ya bei kabla ya kuona karakana. Tukagundua kwamba tovuti ilikuwa na jina moja, huku till yake imesajiliwa kwa jina lingine kabisa, la biashara ya mahindi aliyoiacha zamani. Mteja akijaribu kulipa anaona jina asilolijua, anaghairi. Wiki hii anabadilisha jina la till.