Masharti ya Kuingilia Shahada za Juu: Mfano wa Kanoni katika Nchi ya Karagwe

Kanoni ni sehemu ya nchi ya kale ya Karagwe, iliyoko kaskazini magharibi ya Tanzania, katika Mkoa wa Kagera. Wenyeji wake ni Wanyambo, na lugha yao, yaani Runyambo, ni ya kundi ambalo wanaisimu wameliita Rutara, pamoja na Ruhaya, Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro. Lugha hii haikomi katika mipaka ya wilaya moja, kwani Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na ile ya Karagwe mwaka 2012, na wasemaji wako pande zote mbili.

Nchi hiyo si ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1861 wasafiri Speke na Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika. Mwaka 1975 Israel Katoke alichapisha kitabu chake juu ya historia ya ufalme wa Karagwe. Mwaka 1993 Josephat Rugemalira alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa tasnifu iliyochunguza viambishi vinavyoongezwa katika vitenzi vya Runyambo. Na mwaka 2005 sarufi yake ya lugha hiyo ikatolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hizo zinaonyesha kwamba maarifa mengi yaliyoandikwa juu ya lugha ndogo hupitia mlango wa shahada za juu. Anayezuiliwa mlangoni hazuiliwi peke yake, bali huzuiliwa pamoja na yale ambayo angeyaandika. Kwa hiyo yafaa masharti ya mlango huo yafahamike barabara: yalitoka wapi, yanapima nini, na ni kitu gani yasichoweza kupima.

Kwanza ni majina yenyewe. Neno *shahada*, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni ushuhuda. Na kweli shahada ni ushuhuda wa chuo kwamba fulani amefikia kiwango fulani. Ngazi ya pili huitwa *umahiri* na baadhi ya vyuo, na *uzamili* na vingine. Jina la kwanza latazama ustadi wa mtu katika fani yake. La pili hunasibishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi katika kazi, kana kwamba mwanafunzi sasa amekaribishwa kuwa mwenzi wa walimu wake. Ngazi ya tatu ni *uzamivu*, kutokana na kitenzi *zamia*: mtu wa ngazi hii hatazamiwi kuelea juu ya maji, bali kupiga mbizi na kurudi na kitu ambacho wengine hawajakiona. Wako waandikao *uzamifu*, na mzozo huo mdogo wa tahajia haujesha. Walakini majina haya matatu yakizingatiwa yanafunua siri ya masharti yote: kila ngazi huuliza swali lake. Ya kwanza huuliza, Je, amejifunza? Ya pili, Je, ameweza kazi? Ya tatu, Je, ameongeza nini?

Ama kuhusu mamlaka ya kuweka masharti, hayo yamebadilika mara kadha wa kadha. Mwaka 1949 Chuo cha Makerere kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, hata wanafunzi wa Afrika Mashariki wakawa wanasoma Kampala na kupewa shahada za London. Mwaka 1961 Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam, kikianza na Kitivo cha Sheria. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na mwaka 1970 muungano huo ukavunjwa, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Tangu hapo kipimo cha kuingilia kiliwekwa na baraza la kila chuo. Vyuo vilipozidi kuwa vingi ilionekana haja ya msimamizi mmoja, na mwaka 2005 ikaundwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume hiyo, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, ya umahiri ni ngazi ya 9, na ya uzamivu ni ngazi ya 10. Tume huweka kiwango cha chini kabisa. Chuo, na hata idara, yaweza kudai zaidi ya hapo, lakini haiwezi kushuka chini yake.

Sharti la kwanza kwa aombaye umahiri ni shahada ya kwanza yenye wastani wa alama, ambao wanafunzi huuita GPA, usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5. Tarakimu hii hutajwa sana na kueleweka kidogo. Katika utaratibu wa Dar es Salaam, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, na C ni 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa uzito wa somo hilo, kisha jumla hugawanywa kwa uzito wote. Tuseme mwanafunzi amesoma masomo kumi yenye uzito sawa, akapata B katika saba na C katika matatu: saba mara 3 ni 21, matatu mara 2 ni 6, jumla 27, ikigawanywa kwa kumi ni 2.7 kamili. Huyo ameingia. Lakini kama B zake zingekuwa sita na C nne, wastani wake ungekuwa 2.6, naye angebaki nje. Mpaka kati ya daraja la pili la chini, lianzialo 2.7, na shahada ya ufaulu wa kawaida, ikomayo 2.6, waweza basi kuwa somo moja tu, lililofanyiwa mtihani pengine katika mwaka wa kwanza, kijana alipokuwa bado anauzoea mji.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa muda mrefu zimewafikiria wenye shahada ya ufaulu wa kawaida kwa masharti mawili: kwamba katika somo wanalotaka kuliendeleza walipata wastani wa B au zaidi, na kwamba wameonyesha uwezo wao kwa uzoefu wa utafiti au kwa mafunzo ya nyongeza. Hali kadhalika shahada zisizogawanywa kwa madaraja, kama ile ya udaktari wa tiba, hupimwa kwa wastani wa B katika masomo yanayohusika. Kanuni hii yafaa kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Mwalimu wa shule ya sekondari huko Karagwe, aliyefanya vizuri katika isimu na vibaya katika masomo mengine, asidhani kwamba hana njia. Miaka aliyoitumia kukusanya msamiati na masimulizi ya wazee, ikiwa ameyaandika kwa utaratibu na kuyahifadhi, yaweza kuwa ndiyo hoja yake.

Jambo la pili lawahusu sana watu wa nchi za mpakani. Karagwe na Kyerwa zinapakana na Uganda na Rwanda, na wako vijana wanaovuka kwenda kusoma ng'ambo ya mpaka. Kipimo cha Makerere nacho ni cha 5, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba tarakimu zalingana. Hazilingani. Huko B ni pointi 4 wala si 3, nayo hutolewa kwa alama 70 hadi 74, ambazo Dar es Salaam zingekuwa A. Tena daraja la pili la chini la Makerere huanzia 2.8, hata mwenye 2.7 ya huko ana shahada ya ufaulu wa kawaida, na mwenye 2.7 ya Dar es Salaam ana daraja la pili. Tarakimu ni moja, jina ni jingine, na kazi iliyofanywa kuipata ni nyingine pia. Ndiyo maana shahada iliyopatikana nje ya nchi hupelekwa kwanza Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe na kulinganishwa. Mwombaji asingoje hadi wiki ya mwisho, maana bila utambuzi huo chuo hakina cha kusoma katika cheti chake.

Baada ya alama huja nyaraka: vyeti, hati ya matokeo yenye alama za kila somo, barua za wadhamini wa kitaaluma, na kwa wale wanaoomba kwa njia ya tasnifu peke yake, andiko la pendekezo la utafiti. Umahiri hupatikana kwa njia mbili, ama kwa masomo ya darasani pamoja na tasnifu, ama kwa tasnifu tu. Kwa upande wa uzamivu, mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya umahiri, au iliyo sawa nayo, kutoka chuo kinachotambuliwa. Na hapo pendekezo ndilo hubeba uzito mkubwa kuliko karatasi nyingine zote. Alama husema mtu alifanya nini chini ya walimu. Pendekezo husema atafanya nini atakapokuwa peke yake.

Pendekezo lililo jema lina mambo matatu. Kwanza, hutaja swali, wala si mada tu. Kusema "Uchunguzi wa Runyambo" si kusema neno. Pili, huonyesha kwamba mwombaji azijua kazi zilizotangulia. Atakaye kuandika juu ya viambishi vya vitenzi, kama vile Kiswahili kinavyopata *pikia* na *pikisha* kutokana na *pika*, hana budi aeleze Rugemalira amefika wapi na yeye aanzie wapi. Atakaye kuchunguza njeo hawezi kuiruka tasnifu ya Henry Muzale ya mwaka 1998, iliyojaribu kuunda upya mfumo wa njeo na hali wa lugha-mama ya Rutara. Atakaye historia akumbuke kwamba mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, na kwamba nyaraka za siku zile atazikuta chini ya jina hilo. Tatu, huonyesha kwamba kazi yawezekana: wasemaji wako wapi, watahojiwa vipi, na kwa ridhaa gani. Katika jambo hili la tatu mwombaji wa Kanoni ana mtaji ambao mgeni hana, kwani yeye husikia toni ya neno pasipo kufundishwa, na mzee humwambia lile asilomwambia mpita njia. Lakini mtaji huo hauna nguvu mpaka uandikwe. Kuijua lugha ni jambo moja, na kuieleza ni jambo jingine. Mlangoni kinachopimwa ni hili la pili.

Pana pia sharti lisiloandikwa popote, nalo ni msimamizi. Idara haiwezi kumpokea mwanafunzi ambaye hakuna mwalimu wa kumwongoza katika fani yake. Mara nyingine mwombaji hukataliwa hali alama zake ni nzuri, kwa sababu hii tu, naye hudhani ameonewa. Dawa yake ni kuuliza mapema nani anafundisha nini, na kulielekeza pendekezo mahali penye mtu wa kulisoma.

Umbali nao ni kizuizi. Kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na mtu mwenye kazi na watoto haiachi nyumba yake kwa wepesi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikusudiwa kwa watu wa namna hii. Kina vituo mikoani, kikiwamo cha Kagera, na hutoa shahada za juu kwa masomo ya mbali. Masharti yake ya kuingilia ngazi ya 9 na ya 10 yako chini ya Tume ile ile, hata asiwepo mtu wa kusema kwamba shahada ya mbali ni shahada ya chini.

Limebaki swali la lugha ya kuandikia. Katika taaluma za Kiswahili tasnifu huandikwa kwa Kiswahili, hata ngazi ya uzamivu. Jambo hili ni kubwa kwa lugha kama Runyambo. Ikielezwa kwa Kiswahili, maelezo yake yaweza kusomwa na mwalimu wa Kanoni, na akayasahihisha penye kosa; ikielezwa kwa lugha ya kigeni peke yake, waliotoa maneno yao hawatajua yaliyofanyika kwayo.

Masharti basi ni kipimo, na kila kipimo hupima upande mmoja. Wastani wa 2.7 hulinda heshima ya shahada, na bila mpaka wa namna hiyo ushuhuda wa chuo ungekosa thamani. Lakini hauwezi kujua nani amekaa na wazee jioni nyingi akiandika majina ya aina za ndizi. Kazi hiyo wameachiwa wasomao mapendekezo, na kanuni zimewapa ruhusa ya kuifanya. Wakiitumia ruhusa hiyo kwa uangalifu, kiwango hakitashuka, na lugha itapata mwandishi. Wasipoitumia, sharti litakuwa limetimizwa, na wazee watakuwa wameondoka na maneno yao.