Kadi za Mkono Zapata Wapenzi Nairobi

Wazee wa pwani walisema barua ni nusu ya kuonana. Siku hizi barua zimekuwa adimu, na hata salamu za Idi zafika kwa simu, ujumbe mmoja ukipelekwa kwa watu mia bila ya kutaja jina la hata mmoja wao. Lakini jijini Nairobi wapo wasanii wasiokubali salamu ife hivyo. Hukaa na karatasi, wino na mkasi, wakitengeneza kadi moja moja kwa mkono, kisha wakaziuza kwa njia ya mtandao.

Kadi hizi si zile za maua na mishumaa tulizozizoea. Hubeba kile ambacho mpokeaji anakishabikia. Huyu ataka rangi za kijani na nyeupe za Gor Mahia, yule buluu na nyeupe za AFC Leopards. Kijana ataka shujaa wa katuni za Kijapani, na mwingine ataka matatu ya mtaani kwao. Mnunuzi hueleza habari za mtu wake, na msanii huchora kwa ajili ya mtu huyo peke yake.

KARAKANA NI CHUMBANI

Kazi yenyewe haina siri. Karatasi nzito ya A4 hukatwa nusu kwa nusu. Kila nusu ikikunjwa yatoka kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8, ambayo huingia sawasawa katika bahasha ya C6. Wako pia wanaotumia karatasi ya nyuzi za mgomba, ambayo kila ukurasa wake una mistari yake.

Msanii wa namna hii hana haja ya kukodi duka Westlands wala kibanda katikati ya jiji. Chumba kimoja Kangemi au Kawangware chamtosha, na duka lake ni simu yake. Huipiga picha kadi na kuitangaza Instagram au WhatsApp, akalipwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Bodaboda huipeleka Kileleshwa au Lavington, na ya Mombasa hupakiwa katika basi la usiku.

Kwa kadi za Idi hapana budi awe na hesabu nyingine. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo msimu husogea kila mwaka. Asiyejitayarisha tangu Shaabani atakuta Ramadhani imekwisha na kadi bado mbichi.

SI JAMBO GENI KWETU

Watu husema kadi ni desturi ya Wazungu. Ni kweli kwamba kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole. Lakini kununua maneno mazuri na kumpelekea umpendaye ni jambo tulijualo zamani. Leso ni nini, kama si nakshi na jina lililochaguliwa kwa ajili ya mtu fulani?

Tena wasomaji wa makamo watazikumbuka kadi za salamu za redio. Shabiki alinunua kadi, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma studio Nairobi isomwe hewani. Kadi zote zilifanana. Kilichomfanya mtu akae karibu na redio ni kusikia jina lake. Basi hiki ndicho anachokiuza msanii wa leo: si karatasi, bali uhakika kwamba mtu ametajwa.

MTIHANI ULIOPO

Hata hivyo biashara hii ina mitihani miwili. Wa kwanza ni bei. Tuchukue mfano wa kadi iliyomchukua msanii saa mbili, akaiuza shilingi 200. Akitoa gharama ya karatasi, bahasha, wino na bando la simu, jasho la saa mbili limebakiwa na nini? Mnunuzi anayeililinganisha na kadi ya kiwandani na kuomba apunguziwe, huenda hajui kwamba anachokipunguza ni ujira wa mtu.

Mtihani wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa haki. Nembo ya timu ina mwenyewe, na shujaa wa katuni ana aliyembuni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mchoro hulindwa maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nembo iliyosajiliwa nayo ina sheria yake. Kuvichukua hivyo na kuviuza bila ruhusa ni kula jasho la mwenzio, hata kama mwenyewe yuko mbali na hatakuona.

Lakini sheria hiyo hiyo humlinda na mchora kadi. Alichokibuni mwenyewe ni chake tangu alipokikamilisha, wala si lazima kwanza akisajili. Kwa hivyo faida yake ya kudumu imo katika kuchora vya kwake. Mapenzi ya timu yaweza kuonyeshwa kwa rangi, mpira na kelele za uwanjani pasipo nembo. Mzee wa Mombasa aliyeishangilia Feisal ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965 angefurahi kupata kadi ya kumkumbusha mwaka huo. Na kwa wale miongoni mwetu wasiopenda kuweka sura za viumbe ndani, khati na nakshi za milango ya Lamu zatosha kuwa pambo.

Katika hili wenye leso wametangulia. Duka la Kaderdina la Biashara Street, Mombasa, lililoanza mwaka 1887, huchapa kwenye leso zake alama ya “Mali ya Abdulla”, ili mnunuzi ajue kazi ni ya nani. Msanii wa Kawangware naye yafaa aandike jina lake nyuma ya kila kadi. Aheshimu alama za wenziwe, na ya kwake aiweke wazi. Nasi tunaponunua, tulipe bei ya mkono wa mtu, si bei ya karatasi.